Mashine Haitaziba Pengo la Mwalimu Takaba

Swali la iwapo roboti na akili mnemba zitamwondoa mwanadamu kazini limezua mjadala mkali. Mijini, hofu ni kwamba mashine itampokonya mfanyakazi kiti chake. Huku Takaba, Mandera Magharibi, swali hilo lina sura nyingine, kwani katika eneo zima la Kaskazini Mashariki kiti cha mwalimu kimewahi kubaki kitupu pasipo mashine yoyote kukikalia.

Chanzo chajulikana. Mnamo Novemba 2014, magaidi waliteka basi karibu na mji wa Mandera wakawaua abiria 28, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda kwao likizoni. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Baada ya hapo, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na madarasa yakabaki bila wafunzi.

Katika hali kama hiyo, ni rahisi mtu kushawishika kwamba mashine ndiyo dawa. Haiogopi risasi, haidai mshahara wala haiombi uhamisho. Hata hivyo, jambo hili si geni kwetu. Kuanzia 2016, serikali ilisambaza vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza kote nchini. Vifaa hivyo havikuchukua nafasi ya mwalimu, bali vilimhitaji mwalimu aliyefunzwa kuvitumia, pamoja na umeme wa kuvichaji na mahali salama pa kuvihifadhi.

Waama, akili mnemba ya leo imepiga hatua kubwa. Yaweza kutunga maswali, kusahihisha hesabu na kumpunguzia mwalimu mzigo. Lakini mtoto asipofika shuleni kwa sababu jamaa zake wamehama na mifugo kutafuta maji, ni nani atakayemfuata mzazi na kumsihi kwa lugha anayoielewa?

Kwa hivyo, tishio kubwa si mashine kumfukuza mwalimu, bali ni wakubwa kuifanya mashine kisingizio cha kutomwajiri. Serikali haina budi kuimarisha usalama, na kuwasomesha vijana wa Takaba ualimu kisha kuwaajiri. Nanyi wanafunzi, jifunzeni kuitumia akili mnemba, lakini msikubali kupewa mashine pale mnapostahili kupewa mwalimu.