Usiharakishe mifupa ya kilebu wako

Huenda wewe pia u miongoni mwa wale walioamua kufuga mbwa baada ya wezi kuruka ua la jirani. Ulipita kwa rafiki yako, ukaonyeshwa kilebu wa aina ya German Shepherd, Rottweiler au Boerboel mwenye umri wa wiki 8, miguu minene kama mihogo, ukatoa pesa bila kusita. Sasa yumo jikoni amelala ndani ya katoni, watoto wanagombania kumbeba, na umebaki na swali moja tu. Ale nini?

Wengi wetu hatukosei kwa kumnyima chakula. Tunakosea kwa kumshindilia. Twataka awe mkubwa upesi, abweke kwa sauti nzito ili mwizi asikie huko huko barabarani.

Nami nilifanya hivyo. Bosko wetu alipofika nyumbani nilimpa kila alichotaka, na kila jioni nikamnyunyizia unga wa mifupa niliouziwa katika duka moja la dawa za mifugo, ule ule ambao wafugaji hutilia lishe ya ng'ombe wa maziwa. Katika mwezi wa tano alikuwa fahari ya mtaa. Watu walisimama langoni kumtazama. Kisha asubuhi moja akashindwa kupanda ngazi tatu za veranda. Mguu wa mbele wa kushoto aliuinua kama aliyekanyaga mwiba, lakini mwiba haukuwapo. Daktari wa mifugo alimpapasa bega, akampiga eksrei, kisha akaniuliza, "Mama, huyu unamlea au unamnonesha umchinje Krismasi?"

Niliona haya, lakini alinieleza jambo ambalo tangu siku hiyo nimewaeleza wengi.

German Shepherd huzaliwa na uzani wa karibu nusu kilo, na kabla hajatimiza mwaka na nusu aghalabu huwa amepita kilo 30. Mbwa wadogo humaliza kukua kabla ya mwaka mmoja, ilhali hawa wakubwa huchukua miezi 12 hadi 18, na majitu kama Great Dane hukaribia miaka 2. Wakati wote huo ncha za mifupa yake ni gegedu laini ambalo bado linageuka kuwa mfupa. Ukimlisha kupita kiasi, mwili unatangulia na mifupa inabaki nyuma. Gegedu linanenepa bila kukomaa na kupasuka kwenye kiungo, kama lilivyopasuka begani mwa Bosko. Na kilebu aliyerithi nyonga mbovu kwa wazazi wake, unene humzidishia maumivu.

Unga wa mifupa nao? Mbwa aliyekomaa akila kalsiamu ya ziada, utumbo wake hupunguza kiasi unachofyonza. Kilebu aliye chini ya miezi 6 hivi hana uwezo mzuri wa kuikataa. Nyingi huingia mwilini na kuvuruga ukuaji wa mifupa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walilionyesha hilo kwa vilebu wa Great Dane katika miaka ya 1980. Watu wengi pia huilaumu protini, na kwa sababu hiyo humnyima kilebu nyama. Protini haina hatia hapa.

Ila usikimbilie kumpa nyama tupu. Nyama ina fosforasi tele na kalsiamu kidogo mno, kwa hivyo mwili huenda kukopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa, nayo ikalainika hata kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kitini. Na ule mlo wa kila ua la Nairobi, ugali na supu ya mifupa, hautoshi. Mahindi yamepungukiwa na sehemu muhimu za protini, na supu ya mifupa, hata ukiichemsha usiku kucha, hutoa kalsiamu kidogo sana.

Njia rahisi, kama mfuko unaruhusu, ni kununua chakula kikavu kilichoandikwa kuwa ni cha vilebu wa mbwa wakubwa. Soma maandishi ya nyuma. Kanuni zinazofuatwa Marekani huweka upeo wa kalsiamu kuwa asilimia 1.8 ya chakula kikavu kwa vilebu watakaofikia kilo 32 au zaidi. Hiki kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi hakina cha kusoma, nami sikinunui tena. Ukishapata chakula kizuri usiongeze kitu, wala unga wa mifupa wala vidonge. Mbadilishie polepole kwa muda wa wiki moja, la sivyo atahara.

Kama mfuko hauruhusu, mwombe daktari akupangie vipimo vya mlo wa nyumbani kulingana na uzani wake. Omena nzima, mayai yaliyochemshwa, nyama, ini kidogo na wali au ugali vyaweza kuwa msingi mzuri, lakini vipimo visiwe vya kukisia. Mabaki ya mchuzi wenu usimpe, kwani vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mapafu na maini ya kichinjioni yapikwe yaive kabisa, maana mbwa akila mabichi huweza kupata tegu ambaye mayai yake huwaletea watu uvimbe mkubwa wa maji ndani ya ini. Turkana wameujua ugonjwa huo kwa miaka mingi. Na kuna mazoea haya ya kusema unga umeingia ukungu, basi apewe mbwa! Sumu ya ukungu huo ndiyo iliyoua watu 125 katika Ukambani na jirani zake mwaka wa 2004. Ini la mbwa halina kinga kuishinda.

Mlishe mara 3 kwa siku hadi miezi 6, kisha mara 2. Baada ya dakika 20 ondoa bakuli hata kama analia, na Bosko alijua kulia. Kila wiki mpapase mbavu: uzihisi kwa vidole bila kubonyeza sana, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Jirani wakisema amekonda, waache waseme. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliofuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote, na kutangazwa mwaka wa 2002, ulionyesha kwamba waliopewa robo pungufu ya chakula cha wenzao waliishi karibu miaka 2 zaidi.

Bosko alipumzishwa wiki 6, akapunguziwa chakula, akapona kiasi. Kila Julai, baridi ya Nairobi ikishika, huchechemea mpaka jua litoke.

Kumpima si kazi. Alipokuwa mdogo nilimbeba nikapanda naye kwenye mizani, kisha nikatoa uzani wangu. Aliponishinda kumbeba, mimi na kitinda mimba wangu tulimpeleka kwa muuza vyuma kuukuu mwenye mizani ya jukwaa. Kilo 31. Mteja mmoja aliyekuwa na gunia la mabati akauliza mbwa huyo ananunuliwa kilo pesa ngapi.