Kabla ya koleo, uliza dawa

Na Salma Mkumbwa

Mtu anafika kwa daktari wa meno akilalamika kwamba meno yote ya upande mmoja yanauma. Daktari anagonga jino moja baada ya jingine kwa mpini wa kioo chake, anapuliza hewa baridi, anapiga picha. Haoni tundu wala jipu. Hapo swali la kuuliza lipo: unatumia dawa gani, na ipi umeiacha karibuni? Mara nyingi swali hilo haliulizwi. Mgonjwa naye hasemi, kwa sababu haoni kidonge cha sonona kinahusianaje na gego lake. Halafu kuna aibu. Nani akae kwenye kile kiti, mdomo wazi, aanze kusimulia habari za kliniki ya akili?

Basi jino linang'olewa. Kwetu jino linalouma ni la kung'oa, maana wengi tunafika tumechelewa na kutibu mzizi ni ghali. Siku chache baadaye maumivu yanahamia jino la jirani, na mtu anarudi kupanga foleni.

Dawa za sonona katika vituo vyetu si nyingi. Amitriptilini na fluoksetini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndizo zinazojulikana zaidi; mwenye uwezo atanunua sertralini. Amitriptilini hupewa pia watu wenye kipandauso, na wenye kisukari ambao miguu inawaka moto usiku. Wengi wao hawajui kabisa kwamba wanameza dawa ya sonona, kwa hiyo hata wakiulizwa watajibu hapana. Swali la dawa liulizwe kwa kutaja majina, au mgonjwa aambiwe aje na pakiti zake.

Amitriptilini hukausha mate, na mate ndiyo mlinzi wa meno. Ndiyo yanayosafisha masalia ya chakula, yanayopunguza makali ya asidi na kurudisha madini kwenye jino. Yakipungua, mtu anatafuta cha kulowesha mdomo. Ananunua pipi za mnanaa, anaweka moja shavuni na kuinyonya taratibu mchana kutwa. Au ana chupa ya soda mezani, anapiga funda dogo kila baada ya dakika chache. Asidi inakaa kinywani saa nzima nzima, na meno yanaanza kuoza shingoni, pale yanapokutana na ufizi, mahali ambapo kioo cha kujitazama hakionyeshi upesi. Maji ya kawaida na dawa ya meno yenye floridi vingemfaa zaidi, lakini nani alimwambia siku anaandikiwa kile kidonge?

Fluoksetini, sertralini na ndugu zao wana lao. Kwa baadhi ya watu hukaza taya na kuwafanya wasage meno usingizini. Kwetu kusaga meno ni minyoo, na mtoto anayesaga hupewa dawa ya minyoo. Mtu mzima hata hajijui, labda aambiwe na anayelala naye. Asubuhi anaamka misuli ya mashavu imechoka, panda za uso zinagonga. Ukimchungulia kinywani unaona ncha za meno zimekuwa bapa, ndani ya shavu kuna mstari mweupe sambamba na meno, na pembeni mwa ulimi kuna alama za kubonyea. Hayo yanaonekana kwa macho, hayahitaji mashine.

Sasa tuseme mtu ameacha dawa ghafla. Labda kituoni imeisha, labda nauli ya kliniki haipo, labda mchungaji au shehe amemwambia amekwisha kupona, au mwenyewe amejisikia vizuri akaona inatosha. Kwa dawa zinazotoka mwilini upesi, kama paroksetini na venlafaksini, ndani ya siku mbili tatu mambo yanaanza: kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, mafua yasiyo mafua, usingizi kukatika na ndoto za kutisha, hasira zisizo na sababu. Wengi wanasimulia kupigwa shoti kichwani, hasa wanapogeuza macho upande, na wengine ganzi na mchomo kuzunguka midomo. Wapo ambao taya hukaza na meno hushtuka kwa maji baridi. Aliyekuwa na mdomo mkavu kwa amitriptilini anaweza kujikuta mate yanamjaa, tumbo linaharisha. Fluoksetini hutoka polepole sana, kwa hiyo dalili zake zinaweza kuchelewa hata wiki kadhaa, wakati mtu ameshasahau kwamba kulikuwa na dawa.

Nitenganishe jambo moja hapa, maana linachanganywa na kuwatia watu hofu bure. Meno hayaozi kwa sababu mtu ameacha dawa. Kuoza kulikuja taratibu, miezi na miaka ya mdomo mkavu, na kunagunduliwa baadaye. Kinachoweza kuja wakati wa kuacha ni maumivu ya misuli ya taya na mishipa ya fahamu iliyosisimka, kwenye meno ambayo pengine ni mazima. La kwanza linahitaji kuzibwa. La pili halitaki koleo.

Na si habari mpya. Dalili za kuacha imipramini, dawa kongwe katika kundi hili, ziliandikwa na madaktari mwaka 1959. Pamoja na hayo, hadi mwaka 2019 mwongozo wa tiba wa Uingereza ulikuwa ukisema dalili za kuacha kwa kawaida ni nyepesi na zinaisha kwa takriban wiki moja. Mwaka huo ndipo ulipobadilishwa na kukiri kwamba kwa wengine huwa kali na za muda mrefu. Miaka 60 wagonjwa waliambiwa ni ugonjwa wao umerudi, au ni mawazo tu. Naliona hilo kuwa dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Wala tusitie chumvi. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa na watafiti wa Ujerumani mwaka 2024 ulikuta kwamba katika kila watu 100 walioacha dawa hizi, 31 hivi walipata dalili. Kati ya 100 walioacha kidonge kitupu kisicho na dawa, 17 nao walipata. Dalili kali zilimpata takriban mtu 1 kati ya 35. Ni wachache, lakini kwa dawa inayomezwa na mamilioni ya watu duniani, hao si wa kupuuzwa. Na sonona yenyewe hurudi kweli: katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021 uliofuatilia watumiaji wa muda mrefu, ndani ya wiki 52 iliwarudia watu 56 kati ya 100 walioachishwa, na 39 kati ya 100 walioendelea. Namna ya kutofautisha ni hii: dalili za kuacha kwa kawaida huja haraka na hutulia upesi dawa ikirudishwa. Sonona kwa kawaida hunyemelea wiki kwa wiki.

Kupunguza polepole ndiyo njia, lakini hesabu yake inadanganya. Watafiti Mark Horowitz na David Taylor walieleza mwaka 2019 kwamba dozi ndogo tu tayari inafanya sehemu kubwa ya kazi kwenye ubongo. Kutoka miligramu 20 hadi 10 ubongo unapoteza kidogo. Kutoka 5 hadi sifuri unapoteza kingi. Hatua za mwisho ndizo zinazotaka kuwa ndogo kuliko zote, na ndipo vidonge vyetu vinapokwama. Mtu anachukua wembe, anaweka kidonge juu ya kisosi, anakata robo; kimoja kinatoka kinene, kingine kinavunjika unga. Fluoksetini ya maji ipo duniani na ingemaliza sehemu ya tatizo hilo. Wagonjwa wetu waletewe hiyo.

Kuna hatari nyingine ambayo duka la dawa linapaswa kuijua. Mwenye maumivu ya jino hupewa diklofenaki au ibuprofeni. Akiwa bado anatumia fluoksetini au sertralini, mchanganyiko huo unaongeza uwezekano wa kuvuja damu tumboni. Tramadoli pamoja na dawa hizo ni mbaya zaidi: inaweza kuleta degedege, homa kali na kuchanganyikiwa. Kwa wengi parasetamoli ndiyo dawa salama zaidi kuanza nayo.

Dawa hizi zimewainua watu waliokuwa hawawezi kuamka kitandani, na sitaki mtu azitupe kwa kusoma safu hii. Ninachodai ni kwamba anayeandika cheti cha kuanza aandike na namna ya kushuka, na amweleze mgonjwa habari za kinywa siku hiyohiyo. Aliyekwisha kuacha ghafla na anateseka arudi kwa daktari wake wiki hii, si baada ya mwezi. Mara nyingi hurudishiwa dozi aliyokuwa nayo na kuanza kushushwa upya, kwa mwendo wake. Akijiwa na mawazo ya kujiua asingoje miadi, aende hospitali leo, na asiende peke yake.