Tusiseme "Makanisa ni Yale Yale": Imani ya Wapresbiteri na Imani Yetu

Ndugu wapendwa, kuna maneno mawili yanayotembea katika vijiji na mitaa yetu, hasa panapotokea msiba au arusi inayowakutanisha watu wa madhehebu mbalimbali. Neno la kwanza husema: "Makanisa ni yale yale, Mungu ni mmoja." La pili husema: "Wale si Wakristo hasa, ni watu wa wazee na harambee." La kwanza hujivika vazi la upendo, la pili hujivika vazi la uaminifu kwa Kanisa. Sisi twasema ya kwamba maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni uvivu. Anayesema la kwanza hajamwuliza jirani yake anaamini nini. Anayesema la pili naye hajauliza.

Juma hili tumtazame jirani mmoja ambaye hatuna udhuru wa kutomjua, yaani Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, PCEA. Wamisionari wa Scotland walianzia Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Thogoto, Kikuyu, mwaka 1898. Mapadre wa Konsolata walifika Tuthu mwaka 1902. Kwa zaidi ya miaka 100, katika vilima vile vile, tumeoana, tumezikana na kusomeshana watoto. Je, ni Wakatoliki wangapi wawezao kueleza kwa haki mambo matatu tu anayoyasadiki Mpresbiteri?

Basi tuyaeleze. La kwanza ni ukuu wa Mungu. Mpresbiteri aliyefundwa vizuri haanzi na mwanadamu anayemtafuta Mungu, bali huanza na Mungu aliyetangulia kumtafuta mwanadamu. Wokovu kwake ni neema tupu, nayo imani ndiyo mkono wa kuipokea. La pili ni Maandiko Matakatifu, ambayo kwake ndiyo kanuni ya juu ya imani na maisha. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, ambalo Wapresbiteri wengi duniani wamelirithi, linafungua mafundisho yake kwa sura juu ya Maandiko, kabla hata ya kumzungumzia Mungu mwenyewe. La tatu ni agano. Kwa sababu Mungu hufanya agano na watu pamoja na watoto wao, Wapresbiteri hubatiza watoto wachanga kama sisi. Sakramenti kwao ni mbili, Ubatizo na Meza ya Bwana.

Kisha lipo lile lililowapa jina. Neno la Kigiriki "presbyteros" maana yake ni mzee. Kanisa lao halina askofu. Linaongozwa na mabaraza ya wachungaji na wazee waliochaguliwa na waumini na kuwekwa wakfu, kuanzia baraza la ushirika, kupitia presbiteri, hadi Mkutano Mkuu. Msimamizi wa Mkutano Mkuu huketi kwa muda uliowekwa, kisha humpisha mwingine. Mchungaji hana mamlaka ya kuamua peke yake kumpokea muumini au kumrudi aliyekosa. Huamua pamoja na wazee. Na kila mzee ana nyumba zake za kuzitembelea na wagonjwa wake wa kuwajua kwa majina.

Kanisa la namna hii halistahili dhihaka. Wenye kulicheka kuwa ni "la wazee na harambee" wakumbuke mwaka 1971. Mchungaji John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa PCEA wakati ule, alisimama Milwaukee, Marekani, mbele ya wale waliokuwa wakitoa fedha na watu, akawataka wasitishe kwa muda kuleta vyote viwili, ili Kanisa la Afrika lijifunze kusimama kwa miguu yake. Neno "Jitegemea" likawa wito wa Kanisa lake. Sisi hatusemi kwamba kila alichokitaka kilikuwa sahihi, maana Kanisa lililo Katoliki hupeleka na kupokea wamisionari daima. Lakini Mkatoliki anayetoa sarafu Jumapili na kungoja wafadhili wa Ulaya waezeke kanisa lake, kwa haki gani amcheke jirani anayejiezekea mwenyewe?

Wakumbuke pia mwaka 1929. Wamisionari wa Scotland waliwataka waumini wao watie sahihi tamko la kukataa tohara ya wanawake. Wengi waliweka alama ya kidole gumba, na ndiyo maana watu wakaliita jambo lile "kirore". Kanisa likapoteza sehemu kubwa ya waumini na wanafunzi wake. Namna walivyolifanya ilikuwa na ukali mwingi na kiburi cha kikoloni, na kidonda chake kilichukua miaka kupona. Hata hivyo, Kanisa lililokubali viti vyake vibaki vitupu kwa ajili ya jambo linaloliamini haliwezi kuitwa Kanisa lisilo na msimamo. Wamisionari Wakatoliki hawakudai tamko la namna hiyo, na mabinti wa Kikatoliki nao walikuwa wakikatwa.

Tukiisha kutoa heshima inayostahili, sasa twageuka kwa yule anayesema makanisa ni yale yale. Huyu ndiye tunayemwogopa zaidi, maana hupendeza kila mtu na humnyima kila mtu haki yake.

Mwezi Juni 1913, misioni za Kiprotestanti zilikutana Thogoto kutafuta ushirikiano. Maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda walikuwapo. Mwisho wa mkutano wakaadhimisha Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na wajumbe wa misioni mbalimbali wakashiriki pamoja. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, naye Mwanglikana, akapeleka mashtaka kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mzozo ukafika hadi magazeti ya Uingereza. Wengi walimwona Weston kuwa mtu mgumu. Sisi twaona aliuliza swali ambalo watu wa heri waliliruka: je, twaweza kula meza moja kabla ya kukubaliana meza hiyo ni nini, na ni nani aliyetumwa kuiandaa?

Tujibu kwa haki. Si kweli kwamba Meza ya Bwana kwa Mpresbiteri ni ukumbusho mtupu. Calvin alifundisha kwamba mwamini hulishwa Kristu kweli kwa nguvu ya Roho Mtakatifu. Lakini hakukubali kwamba mkate hugeuka kuwa Mwili wa Bwana, wala kwamba Misa ni sadaka. Sisi twasadiki yote mawili. Ndiyo maana twapiga magoti mbele ya tabernakulo, na Mpresbiteri mwaminifu hapigi. Yeye akipiga magoti pale atakuwa anaidanganya imani yake. Sisi tukipita bila kupiga magoti tutakuwa tunaidanganya yetu. Haiwezekani basi kusema ni yale yale.

Na kuhusu wazee, hoja yetu ni hii. Ni kweli Agano Jipya limejaa wazee. Lakini ukisoma Matendo ya Mitume sura ya 14 na Waraka kwa Tito sura ya 1, utaona kuwa wazee wale waliwekwa na mitume na wajumbe wa mitume. Mwanzoni mwa karne ya 2, Mtakatifu Inyasi wa Antiokia tayari aliandika juu ya askofu, mapadre na mashemasi. Hata Maandiko ambayo Mpresbiteri anayapenda kuliko vyote yalifika mkononi mwake kwa njia ya Kanisa hilo hilo la maaskofu, lililotambua ni vitabu gani vilivyo Neno la Mungu. Twauliza bila kejeli: anayeupokea mti, ataukataaje udongo ulioulisha?

Tena tunalo neno juu ya kuchaguliwa tangu milele. Kwamba neema hutangulia, twasadiki pamoja. Lakini Ungamo la Westminster lasema kwamba wengine waliwekewa tangu milele mauti ya milele. Hapo twakataa, kama Mtaguso wa Orange ulivyokataa mwaka 529 kwamba kuna watu waliopangiwa uovu na uwezo wa Mungu. Tunaofundisha kwamba Kristu alikufa kwa ajili ya wote hatuwezi kulinyamazia hilo kwa sababu ya adabu ya msibani.

Je, kusema hivi ni kuvunja umoja? Sivyo. Ungamo lile lile lilimwita Papa mpinga-Kristu. Mwaka 1986 Kanisa la Scotland lilijitenga rasmi na maneno hayo. Mwaka 2017 Ushirika wa Makanisa ya Kireformati Ulimwenguni uliungana na lile Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki, ambalo Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi mwaka 1999. Hatua hizo hazikufikiwa na watu waliosema makanisa ni yale yale. Zilifikiwa na watu walioketi miaka mingi wakibishana neno kwa neno.

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, yatupasa mambo manne. Anayetoka kwa Wapresbiteri kuja kwetu asibatizwe tena, ikiwa alibatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ubatizo ni mmoja. Ukialikwa katika ibada yao, nenda, imba, sali, lakini usiipokee Meza yao, wala usimwalike Mpresbiteri kupokea Ekaristi Takatifu kana kwamba ni chai ya wageni. Wanaotaka ndoa ya mseto waje mapema kwa padre, maana ruhusa inahitajika, na swali la imani ya watoto halingoji mtoto azaliwe. Na kila mwenye jirani Mpresbiteri amwulize wiki hii swali moja juu ya imani yake, asikilize hadi mwisho bila kumkatiza, kisha aeleze na ya kwake.

Ikiwa wakati wa kueleza ya kwake atakosa la kusema, basi asimlaumu jirani. Afungue Katekisimu.

Mungu awabariki nyote. Tumsifu Yesu Kristu!