Waacheni Waimbe kwa Lugha Yao

Bendi changa ikianza kuota ng'ambo, haikosi meneja au prodyuza wa kuiambia: kama mnataka kutoka, imbeni Kiingereza. Neno hilo hutamkwa kwa uhakika mkubwa, na vijana hulimeza bila kuuliza. Mimi nalipinga. Limewala wanamuziki wengi miaka yao mizuri, na historia ya muziki hailiungi mkono.

Wajapani walilumbana juu ya jambo hili mapema kuliko sisi. Mwaka 1970 na 1971 wanamuziki wao wa roki waligawanyika hadharani, mpaka malumbano yakaingia kwenye kurasa za majarida. Upande mmoja alisimama Yuya Uchida. Huyu alitumbuiza kabla ya Beatles kupanda jukwaani Budokan, Tokyo, mwaka 1966, kisha akaenda Uingereza na kurejea akiwa amewaona Cream na Jimi Hendrix. Kwake yeye roki ilikuwa na lugha moja, na bendi ya Kijapani iliyotaka kusikika duniani haikuwa na budi kuifuata. Upande wa pili walikuwa Happy End, vijana wanne walioamini kwamba Kijapani kinabeba roki barabara. Mpiga ngoma wao, Takashi Matsumoto, ndiye aliyeandika mashairi, nayo yaliutazama mji wa Tokyo uliokuwa ukibomolewa na kujengwa upya mbele ya macho yao.

Uchida hakuishia kwenye maneno. Aliunda Flower Travellin' Band, na albamu yao ya 1970, Anywhere, ilijaa nyimbo za wengine: Black Sabbath, King Crimson. Mwaka huohuo, kwenye maonyesho makubwa ya Osaka, walikutana na Lighthouse, bendi ya Kanada, na urafiki huo ukawafikisha Toronto. Kazi yao iliyobaki hai mpaka leo ni Satori ya 1971. Isikilize. Ina sehemu tano, na maneno ndani yake ni machache mno. Kinachokushika ni gitaa la Hideki Ishima likitembea kwenye mizani ya sauti za Mashariki, na Joe Yamanaka akipaza sauti ambayo haihitaji kamusi. Walirekodi Made in Japan huko Kanada, wakarudi kwao 1972, na mwaka uliofuata safari yao ikakoma. Mwaka 2007 Julian Cope, mwanaroki wa Uingereza, aliandika kitabu kizima kuhusu roki ya Kijapani na kuiweka Satori namba moja. Mwingereza alivutiwa na kile ambacho kwao hakikuwapo.

Mwaka huohuo wa 2007 toleo la Kijapani la jarida la Rolling Stone liliitaja Kazemachi Roman ya Happy End, ya 1971, kuwa albamu bora kabisa ya roki nchini humo. Wimbo wake mmoja, Kaze wo Atsumete, ulikuwa umekwisha kuingia kwenye filamu ya Lost in Translation ya mwaka 2003, ukawafikia watazamaji wa dunia nzima ukiwa katika Kijapani chake kilekile.

Kinachoniuma ni kwamba ushahidi ulikuwapo kabla hata malumbano hayajaanza. Mwaka 1963 Kyu Sakamoto alikaa wiki tatu kileleni mwa chati ya Billboard, Marekani, na wimbo ulioimbwa Kijapani mwanzo mpaka mwisho. Wengi walioununua hawakuelewa neno hata moja. Waliusikia uchungu wake, basi.

Nitaambiwa: mbona ABBA? Mbona Scorpions wa Hannover? Kweli, hao waliimba Kiingereza na dunia ikawapokea. Lakini katika miaka ileile bendi chungu nzima za Ulaya ziliimba Kiingereza na leo hakuna anayezikumbuka. Lugha walikuwa nayo wote. ABBA walikuwa na nyimbo. Mwaka 1984 Nena alifika namba mbili Marekani kwa Kijerumani, na Rammstein wamejaza viwanja vya Wamarekani kwa lugha hiyohiyo, na kwa roki nzito.

Kwetu? Them Mushrooms wa Mombasa walitoa Jambo Bwana mwaka 1982 kwa Kiswahili chepesi, na mwaka uliofuata Boney M wakaurekodi upya. Remmy Ongala na Super Matimila waliondoka Dar es Salaam wakaingia kwenye maonyesho ya WOMAD, kisha Real World, lebo ya Peter Gabriel, ikatoa albamu yao mwaka 1989. Wimbo wao wa Kiswahili, Kipenda Roho, ukaingia kwenye filamu ya Oliver Stone, Natural Born Killers. Baadaye Remmy alijaribu na Kiingereza pia, lakini aliyeitwa ng'ambo alikuwa Remmy wa Kiswahili.

Kijana anayeota kwa Kiswahili, ukimlazimisha kuandika kwa Kiingereza, unamnyang'anya mafumbo, utani, na ule wepesi wa kusema mawili kwa neno moja. Anabaki kuokota mistari iliyokwisha kuimbwa na wengine mara elfu. Msikilizaji wa Manchester ameisikia tangu utotoni kutoka kwa watu waliozaliwa nayo, hivyo hana sababu ya kumtafuta huyu. Msikilizaji wa Mwanza naye haguswi. Bendi inakosa huku na kule, kisha inalaumiwa kwamba haikuwa na kipaji.

Kwa hiyo mameneja, fedha mnazotaka kutumia kurekodi upya kwa Kiingereza, mlipeni mpiga gitaa afanye mazoezi mwaka mzima bila kuhangaikia kodi ya nyumba. Mtafuteni fundi mitambo mzuri. Mlipeni mtu atafsiri mashairi vizuri, yachapwe kando ya wimbo, anayetaka kuelewa asome. Mwimbaji mwacheni aimbe.