Vipele vya ndevu: rudi kwenye mashine ya babu

Kama shingo inakujaa vipele kila ukinyoa, usikimbilie krimu. Tazama kwanza unanyolea nini. Mashine za kisasa zenye nyembe tatu hadi tano huunyanyua unywele na kuukata chini ya ngozi. Kwa sisi wenye ndevu za kipilipili, ncha ikiota hujikunja na kuchoma nyama. Mashine ya chuma, aina ambayo King Gillette alipata hataza yake mwaka 1904, ina wembe mmoja tu.

Hapa Marekani zimejaa kwenye maduka ya mitumba. Geuza kichwa uangalie chini: Gillette nyingi za kuanzia miaka ya 1950 zina herufi ya mwaka, A ni 1955, F ni 1960. Raha yake hiyo! Wembe wake ni ule ule bapa wa dukani kwa Mangi.

Ukikuta wembe ndani, tupa. Isugue mashine kwa maji moto, sabuni na mswaki mkuukuu, kisha ifute kwa spiriti. Nyoa kufuata ndevu zinakoelekea, bila kukandamiza. Na mwenzako wa chumbani akiiomba, mnyime: homa ya ini aina ya B hupita kwa damu usiyoiona.