Miguu ya Mfanyakazi na Buti za Kazi



Mkono wa mfanyakazi ukiumia, kila mtu huuona na kumpa pole. Mguu ukioza ndani ya buti hakuna aulizaye. Mtu huchechemea mpaka kazini, husimama zamu yake nzima, na jioni hupanda kilima cha Nyanchwa polepole akishika ua la jirani. Nyapara naye husema huyu siku hizi amekuwa mvivu. Kwa hiyo toleo hili twataka kusema habari za miguu, wala asicheke mtu.

Nchi hii ya Kisii na Nyamira ni nchi ya mvua. Mchuma chai huingia shambani asubuhi majani yakiwa na umande, na buti zake hujaa maji kabla jua halijapanda. Mbeba mizigo wa soko la Daraja Mbili hukanyaga matope na maganda kutwa nzima. Aoshaye magari husimama ndani ya maji. Mguu ukikaa katika maji na jasho saa nane au tisa, ngozi kati ya vidole hulainika, huwa nyeupe, hupasuka, na hapo ndipo fangasi huingia. Mwasho wake wajulikana na wengi wetu.

Dawa yake si ngumu. Osha miguu kila jioni kwa sabuni, kisha ikaushe kwa kitambaa, hasa kati ya vidole, maana wengi huosha vizuri lakini hawakaushi. Paka dawa ya fangasi, kama ile iitwayo klotrimazoli, ambayo hupatikana katika duka la dawa. Usiache kupaka siku mwasho unapokoma. Endelea kama maelezo ya dawa yasemavyo, kwa kawaida wiki mbili au zaidi, kwa kuwa fangasi hubaki ndani ya ngozi hata unapodhani imekwisha. Soksi ziwe za pamba, na zibadilishwe kila siku. Buti usiziache zimesimama mlangoni usiku na maji ndani: zigeuze, au zijaze magazeti makavu. Tena buti moja isivaliwe na watu wawili, huyu wa mchana na yule wa usiku. Twajua jambo hili linafanyika, na twajua sababu yake ni uchache wa buti, si uchafu wa watu.

Magaga nayo huonekana kama jambo dogo, mpaka yapasuke na kutoa damu. Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu dakika kumi hivi, sugua kwa jiwe, kausha, kisha paka mafuta mazito ya mgando ulale nayo. Wembe usitumie. Tumewaona waliokata magaga kwa wembe wakakaa nyumbani wiki mbili bila mshahara. Na mwenye sugu kidoleni aangalie kwanza kiatu chake: kiatu kikiwa kinabana, sugu itarudi hata ikiondolewa mara kumi.

Sasa tuseme habari ya funza, ambayo watu huificha kwa aibu. Funza si laana wala si uchawi. Ni kiroboto. Tena si mwenyeji wa Afrika: alitoka Amerika ya Kusini, akaletwa Angola kwa meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, akasafiri na misafara ya wapagazi na askari mpaka akafika pwani yetu ya mashariki kabla karne ile haijaisha. Alitembea kwa miguu ya wafanya kazi, twaweza kusema. Jike lake huingia katika ngozi, huvimba kama punje ya njegere, na hutaga mayai ambayo huanguka chini kwenye vumbi. Ndiyo maana huzidi wakati wa kiangazi, na ndiyo maana kumchokonoa mguuni bila kutengeneza sakafu ya nyumba ni kazi isiyokwisha.

Kuchokonoa kwenyewe kuna hatari. Pini moja ikipita miguu ya watu watano yaweza kupeleka Ukimwi na homa ya ini kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na kidonda kichafu chaweza kuleta pepopunda. Siku hizi iko dawa ya mafuta iitwayo dimetikoni, ambayo humziba funza pumzi akafa mahali alipo. Katika majaribio yaliyofanywa hapa Kenya kwa watoto wa shule na kuchapishwa mwaka 2013, baada ya siku saba funza 78 katika kila 100 waliopakwa dawa hiyo hawakuwa na dalili ya uhai; waliotiwa katika ile dawa ya zambarau ya kulowekea walikuwa 39 tu. Ulizeni katika zahanati zenu kama ipo. Ikiwa haipo, ulizeni tena mwezi ujao.

Mwenye kisukari asijitibu kabisa. Mguu wake waweza kufa ganzi, akakanyaga msumari asijue. Atazame nyayo zake kila usiku, au amwombe mwenzake wa nyumbani amtazamie, na akiona kidonda, hata kidogo, aende hospitali kesho yake. Na yeyote aliyechomwa na msumari aoshe kwa maji mengi na sabuni, kisha akaulize sindano ya pepopunda.

Hayo ni yetu. Yako pia ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 101, yamtaka mwajiri awape wafanyakazi walio katika kazi ya majimaji mavazi ya kuwakinga, na viatu vimetajwa humo. Haisemi awakopeshe. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo chaeleza makato yanayoruhusiwa katika mshahara, na bei ya buti za kazi haikutajwa. Mtu akikatwa pesa za buti, alete karatasi yake ya mshahara kwa mjumbe wa chama. Asije na maneno matupu.

Lakini sheria hiyohiyo yamwagiza mfanyakazi avae alichopewa. Wako wenzetu wanaopewa buti wakaziuza, kisha wakaja shambani na kandambili. Hao hatutawatetea kwa furaha.

Tabu kubwa ni ya kibarua anayechuma chai ya jirani yake kwa kilo. Mwenye shamba mwenyewe pengine hana buti. Kwake twaona afadhali buti ziwe sehemu ya mapatano kabla hajashika kikapu, hata kama zitabaki kwa mwenye shamba msimu ukiisha, kila mtu na jozi yake.

Wajumbe wa matawi waandike sasa hivi jina la kila mwanachama na namba ya mguu wake. Panapo wafanyakazi 20 au zaidi, sheria yataka kamati ya usalama. Orodha ipelekwe huko kabla ya mvua za Machi. Mwaka uliopita mahali pamoja zililetwa buti za namba nane peke yake, na akina mama wakazivaa wakiwa wamejaza matambara mbele.