Mashine ya kunusa baruti: itafaa kwenye madiko ya Pemba?

Kila tunapogusia uvuvi wa baruti hewani, kuna swali linalorudi: mbona viwanja vya ndege vina mashine za kugundua mabomu, na madikoni hakuna? Swali ni zuri, hasa kwetu sisi wa kusini mwa Pemba, ambao samaki wa soko la Mtambile wanatoka bahari ya Mkoani, Kengeja na visiwa vya jirani. Tumelifuatilia, na jibu si la fedha peke yake.

Tuanze na mashine yenyewe. Miaka ya 1990 mkemia Timothy Swager wa chuo cha MIT, Marekani, alitengeneza aina ya plastiki inayong'aa ikimulikwa. Chembe zake zimeungana kwa minyororo mirefu. Fikiria zile taa ndogo za kupambia nyumba ya harusi, zilizofungwa kwenye waya mmoja: balbu moja ikiungua, mstari mzima unazima. Kemikali za jamii ya TNT zina uchu wa elektroni, zile punje ndogo mno zinazobeba umeme, na plastiki hiyo inazo za kutoa. Chembe moja ya mvuke wa TNT ikitua kwenye mnyororo, inanyang'anya, na mwanga wa sehemu kubwa ya mnyororo unafifia. Kwa hiyo mashine haioni baruti. Inaona mwanga ukipungua. Kutokana na ugunduzi huo kikaundwa kifaa cha mkononi kinachoitwa Fido, ambacho jeshi la Marekani lilikitumia Iraq.

Hapo ndipo penye shida yetu. Baruti ya kuvulia kwa kawaida si TNT ya jeshini. Ni baruti iliyochepushwa kutoka migodini au kwenye machimbo ya mawe, au bomu la kienyeji lenye mbolea ya naitreti ndani yake. Mbolea hiyo haitoi mvuke wa maana, wala haina ule uchu wa TNT. Kifaa kinaweza kupita juu yake kikakaa kimya.

Vipo vipimo vingine. Askari anafuta mikono ya mtu au ubao wa ngalawa kwa kitambaa, kisha anapima masalia, na vipimo vya aina hiyo vinaweza kuitambua naitreti. Lakini naitreti hiyohiyo iko mikononi mwa mkulima aliyetoka kutia mbolea shambani. Huku kwetu mtu analima asubuhi na kuvua usiku. Kabla ya kuomba kifaa kama hicho kiletwe dikoni, tujiulize nani atakayewekwa ndani siku ya kwanza.

Pua nzuri, kwa kweli, tunazo hapahapa Tanzania. Shirika la APOPO, Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, linafundisha panya buku kunusa TNT ya mabomu ya kutegwa ardhini. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Ila naye alifundishwa harufu ya TNT, na alifanya kazi nchi kavu, kamba imenyooshwa, hakuna upepo wa kusi.

Na baharini kuna njia nyingine kabisa. Mwaka 2015 watafiti walikokota vinasa sauti chini ya maji kando ya pwani ya Tanzania kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Walinasa milipuko zaidi ya 300, mingi yake si mbali na Dar es Salaam. Majini sauti husafiri kwa kasi zaidi ya mara nne ya hewani, na mlipuko husikika mbali sana. Miaka iliyofuata serikali ilikaza msako na milipuko ikapungua sana. Kilichoonyesha ukubwa wa tatizo, basi, kilikuwa sikio, si pua.

Pemba haikuwa kitovu cha baruti kama Dar es Salaam au Tanga. Lakini kati yetu na Tanga kuna mkondo wa kilomita 50 hivi tu, na matumbawe ya upande wa magharibi, Misali ikiwemo, ndiyo yanayolisha madiko yetu. Jiwe likishavunjwa na baruti, huchukua miongo kurudi, pengine lisirudi.

Kwa maoni yetu, fedha ikipatikana, vinasa sauti na boti ya doria yenye mafuta vitangulie kabla ya mashine ya kunusa. Hata hivyo ushahidi mmoja hauhitaji mashine. Samaki wa baruti ukimpasua, mara nyingi utakuta uti wa mgongo umevunjika, damu imeganda kando yake, na mfuko wa hewa umepasuka. Ulaini wa nyama peke yake usikudanganye: samaki aliyekaa juani tangu alfajiri naye hulainika, na mchuuzi wake hana kosa.